G7 Inapohamia C

Wanaofundisha gitaa huichora kodi ya G7 kwenye karatasi: kidole cha pete uzi wa sita freti ya tatu, cha kati uzi wa tano freti ya pili, cha shahada uzi wa kwanza freti ya kwanza. Nyuzi tatu za katikati hazishikwi. Mchoro ni sahihi, lakini kwangu mimi uzuri wa kodi hii hauonekani mpaka uihame.

Aliyeimba kwaya ataelewa upesi. Do ikiwa C, G7 ni so, ti, re na fa. Fa ni ya saba ukihesabu kuanzia so. Kati ya fa na ti pana hatua tatu nzima, nusu ya oktava, na sikio halitulii hapo. Ti inataka kupanda do, fa inataka kushuka mi. Ngazi yote ya do hadi do ina nusu hatua mbili tu, nazo ndizo hizo.

Sasa tazama mkono. Kutoka G7 kwenda C hakuna kidole kinachohama freti. Cha pete kinatoka uzi wa sita kwenda wa tano, cha kati kinatoka wa tano kwenda wa nne, cha shahada kinatoka wa kwanza kwenda wa pili. Hicho cha shahada ndicho nikipendacho: kikiachia uzi wa kwanza, fa inashuka mi, kikikamata wa pili, ti inapanda do. Kidole kimoja, mwendo mmoja, na sauti mbili zimefika zilikotaka.

Ugumu nao uko hapo hapo. Kidole hicho kikilala kidogo tu kinagusa uzi wa pili, na ti iliyo jirani ya fa inakufa. Kisimamishe kwa ncha, kucha iwe fupi, kisha piga uzi mmoja mmoja, maana ukizipiga zote kwa mkupuo kosa hujificha. Mpiga gitaa Jean-Bosco Mwenda wa Katanga, aliyerekodiwa na mtafiti wa muziki Hugh Tracey mwaka 1952 huko Jadotville, Likasi ya leo, alidonoa kwa gumba na kidole cha shahada. Sikiliza “Masanga” yake: kila uzi unasema peke yake. Anayejifunza G7 aanze hivyo, mapigo manne kwa G7, manne kwa C, taratibu kiasi cha kuisikia fa ikishuka.