Pedali ya Tatu

Gari la Kijapani likishushwa melini Dar es Salaam, likavuka Tunduma, likaikata Zambia na kupita mpaka wa Kasumbalesa, hufika Lualaba likiwa limeundwa kwa ajili ya nchi nyingine. Usukani uko kulia, ilhali Kongo tunaendesha upande huohuo wa kulia. Giaboksi ni ya otomatiki, iliyozoea lami laini na karakana zenye vifaa vya kusoma kompyuta ya gari. Wapo mafundi wa Kolwezi wanaohamisha usukani hadi kushoto. Kazi ninayoistahi zaidi, hata hivyo, haionekani ukisimama nje: kuitoa otomatiki na kulipatia gari gia za mkono.

Otomatiki si kitu kibaya. Anayezunguka mjini tu, na gari lake ni zima, simshauri aiguse. Lakini giaboksi hiyo huishi kwa mafuta yake. Mafuta ndiyo yanayopokea nguvu ya injini, ndiyo yanayosukuma vali, ndiyo yanayopoza. Ukipanda na mzigo msimu wa vumbi, nyuma ya malori ya madini ya njia ya Likasi, mafuta huchemka na sahani za ndani huungua kimyakimya. Ikifa, mwenye gari hununua nyingine iliyotumika, asiyoijua umri wala maradhi. Gia za mkono zikiugua husema: beringi huvuma, meno hukwaruza, klachi hunuka. Na betri ikifa mbali na mji, vijana watatu wakisukuma, injini itawaka.

Chukua Hilux Surf au Prado ya miaka ya 1990 yenye injini ya dizeli ya 1KZ-TE, lita 3. Toyota iliifunga injini hiyo kwa otomatiki ya gia 4, na pia kwa giaboksi ya mkono ya gia 5. Kwa hiyo fundi habuni gari jipya. Analirudisha kwenye njia ambayo kiwanda chenyewe kiliijua. Katika magari mengi ya namna hii, ukibandua zulia chini ya dashibodi utakuta kwenye bati la mbele alama iliyopigwa kiwandani, au tundu lililozibwa kwa mpira, mahali ambapo silinda ya klachi ingekaa. Fundi mzuri huitafuta alama hiyo kabla ya kushika drili.

Kisha huja uzito. Nyuma ya injini ya otomatiki kuna sahani nyembamba tu ya chuma, kwa sababu konveta iliyojaa mafuta ndiyo iliyokuwa ikibeba uzito unaotuliza mzunguko. Sahani hiyo haifai kwa klachi. Inatakiwa flaiwili nene, uso wake ukerezwe hadi uwe bapa kabisa, na boliti zake ziwe za urefu wake, maana zile za sahani nyembamba hazina urefu sawa na za flaiwili. Katikati ya mkia wa krankishafti lazima pakae beringi ndogo inayoshika ncha ya shafti ya giaboksi. Tundu likikataa kipimo, mkerezaji hutengeneza bushi ya shaba. Hapa haraka ndiyo adui: kosa dogo la kipimo, na klachi itatetemeka maisha yake yote.

Propela hupimwa upya, ikatwe au irefushwe, kisha isawazishwe. Mhimili unaobeba giaboksi hutobolewa matundu mapya.

Halafu nyaya. Otomatiki ina swichi inayozuia gari kuwaka likiwa kwenye gia. Mvivu huunganisha nyaya mbili na kwenda zake, na siku moja gari litaruka mbele likiwa na mtoto mbele ya bampa. Fundi ninayemsifu huweka swichi kwenye pedali ya klachi, ili injini isiwake mpaka mguu umekanyaga; na taa za kurudi nyuma huziunganisha na giaboksi mpya. Hakuna mteja anayekagua mambo haya. Ndiyo maana nayatazama kwanza.

Ustadi huu una ukoo. Kampuni ya madini ya Union Minière, iliyoanzishwa 1906, na Gécamines baada yake, zilihitaji wakerezaji, wachomeleaji na mafundi mitambo kwa maelfu. Kuanzia 2003, zaidi ya wafanyakazi 10,000 wa Gécamines waliondoka kwa mpango wa kuacha kazi kwa hiari. Mikono iliyozoea mikromita haikusahau ilichojua ilipotoka getini.

Nami nafurahi kila giaboksi inapofunguliwa mezani, kwa sababu ya zile pete za kusawazisha mwendo wa gia. Ndizo zinazofanya gia iingie bila kusaga, kwa kuishika koni ya chuma na kuipunguzia au kuiongezea kasi mpaka meno yakubaliane. Kwa kawaida ni za shaba njano, mchanganyiko wa shaba na zinki. Shaba tunayo Kolwezi. Zinki ipo Kipushi, mgodi uliofunguliwa 1924. Tunavichimba vyote viwili, kisha pete hizo tunazinunua zimechakaa, kutoka ng'ambo. Kobalti ya Lualaba nayo huenda kwenye betri za magari ya umeme yasiyo na klachi hata kidogo. Yakaribishwe yatakapofika. Yaliyopo leo yanahitaji kutembea leo.

Kinachoniuma ni kwamba ujuzi huu wote uko vichwani na kwenye chaki ukutani. Mwanafunzi huuliza, "Papa, boliti hii ya wapi?" na kuoneshwa kwa kidole. Natamani shule za ufundi za Kolwezi ziketi na wazee hawa na kuandika kwa Kiswahili na Kifaransa: giaboksi ipi huingia injini ipi, shafti ina meno mangapi, boliti urefu gani, waya wa rangi gani huenda wapi. Kijitabu cha kurasa chache, chenye michoro, cha kushikwa kwa mikono yenye grisi.