Kutoonekana Jeraha Si Dalili ya Uongo

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Kesi ya ubakaji inapofika barazani, Majengo ya Moshi au kwingine, huzuka kauli hii: "Daktari hakuona jeraha, basi binti mwongo." Tunaipinga kauli hii. Haina msingi katika tiba wala katika fiqhi.

Tuanze na tiba. Daktari hukagua kwa macho, pengine kwa kifaa cha kukuzia kiitwacho kolposkopu, au hupaka rangi ya toluidini inayoshika penye mchubuko. Lakini michubuko huonekana hata kwa walioridhiana, na mingi hupona kwa siku chache bila kovu. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2004 uliwaangalia wasichana 36 waliopata mimba: wawili tu walikuwa na alama za wazi za kuingiliwa!

Ama fiqhi, Imam Nawawi (aliyefariki mwaka 676 Hijria) ameeleza katika Minhaj kuwa ubikira ulioondoka kwa kuanguka haumtoi mwanamke katika hukumu ya bikira. Na wanaume wanne wakishuhudia zinaa, kisha wanawake wanne wakashuhudia kuwa ni bikira, haadhibiwi yeye wala aliyemtuhumu. Alama ya mwili imeleta shaka ya kuondoa hadd, lakini haikutosha kumthibitisha mtu kuwa mwongo.

Mahakama ya Rufani ya Tanzania nayo ilisema mwaka 2006 kuwa taarifa ya daktari yaweza kuonyesha tendo lilifanyika, si kwamba hapakuwa na ridhaa. Ushahidi ulio bora ni wa aliyetendewa.

Je, kila dai likubaliwe bila kupimwa? Hasha. Katika Surat Yusuf (12:26-28) kanzu ilitazamwa imechanika upande gani, haikutosha kuwa imechanika. Qarina hupimwa pamoja na maneno ya watu na mazingira ya tukio.

Kwa hiyo, ndugu maimamu, msiwaite akina bibi wamkague binti, wala msimsuluhishe na aliyemdhulumu. Apelekwe haraka polisi kwa fomu ya PF3 na hospitali, kama Mawenzi, kabla ya kuoga. Dawa za kuzuia VVU zina nafasi ndani ya saa 72 tu. Kumwita mwongo kwa sababu mwili wake umepona ni dhulma juu ya dhulma.

Wallahu a'lam.