Daftari la Mzee wa Ilemba

Kabla hajagusa chombo chochote, tabibu anasoma daftari. Mzee ameliandika kwa penseli siku tatu mfululizo: saa aliyokwenda haja ndogo, na kiasi alichopima kwa kikombe chenye mistari ya mililita. Saa 5 usiku, 150. Saa 8, 120. Saa 10, 130. Kidole cha tabibu kinashuka mstari kwa mstari, hakiruki hata mmoja.

Yanafuata maswali saba, yale ambayo madaktari wa Marekani waliyachapisha mwaka 1992. Kila moja lina alama 0 hadi 5. Mkojo hukatika njiani? Hujikamua? Usiku huamka mara ngapi? Jumla ni 11. Kuanzia 20 ndipo huitwa hali kali. Halafu anauliza la nane, ambalo halijumlishwi: "Na hali hii inakukera kiasi gani, mzee?"

Mzee anafikiri. "Naamka, mwanangu, halafu nalala tena."

Tabibu anaandika jibu hilo kama lilivyotamkwa.

Sasa mikono. Analaza kidole cha kati cha kushoto chini ya kitovu, anakigonga kwa kidole cha kulia, anashuka kidogo, anagonga tena. Tumbo linaitika kama debe tupu. Kibofu kilichojaa kingeitika kama debe la maji, na kwa mtu aliyeshindwa kukojoa kabisa kusingekuwa na mjadala: mpira wa mkojo namba 16 uko kabatini, kwenye pakiti yake. Leo kabati halifunguliwi. Anavaa glovu, anapaka jeli. Tezi dume iliyokua kwa sababu ya umri hunesa kama mnofu ulio chini ya kidole gumba. Yenye saratani huweza kuwa ngumu kama fundo la kidole. Anapapasa upande mmoja, anahamia wa pili, bila haraka. Inanesa. Hata hivyo anaagiza damu ipimwe, kwa kuwa kidole nacho hudanganyika.

Majibu yanarudi mchana, hayana la kutisha. Mkojo hauna damu wala maambukizi. Ultrasaundi inaonyesha figo zote mbili hazijavimba, na baada ya mzee kukojoa kibofuni zimebaki mililita 60.

Uamuzi ni kufuatilia. Chai na pombe ya kimpumu vipungue jioni. Dawa za mafua asinunue ovyo dukani, maana baadhi yake huweza kuuziba mkojo. Arudi baada ya miezi mitatu.

Hapo kalamu inasimama, na hapa ndipo nilipomheshimu zaidi. Ni Septemba. Miezi mitatu inaangukia Desemba, mvua zikiwa zimekolea, na mzee anatoka Ilemba, bondeni. Atapitia Muze na kuupanda ukuta wa Lyamba lya Mfipa hadi Ntendo ndipo afike hapa Sumbawanga. Tabibu anaikata tarehe, anaandika nyingine, mwanzoni mwa Novemba.

"Nitajie mambo matatu yatakayokuleta kabla ya siku hiyo."

"Mkojo kugoma." Kidole kimoja. "Damu." Cha pili. La tatu limempotea. Nje ya mlango foleni ni ndefu. Tabibu hamkumbushi, ameweka kalamu mezani, anamtazama, anangoja.

"Homa," anasema mzee.