Kila Kamba na Jina Lake

Maji yanayoteremka Kilimanjaro na kupita kando ya Moshi hukutana na yale ya Meru katika bwawa la Nyumba ya Mungu, kisha hushika njia ya Mto Pangani hadi Bahari ya Hindi. Mtu wa mlimani akiyafuata mpaka mwisho hufika mji wa Pangani, ambako mashua hungoja maji yajae ndipo zitoke. Hapo nilikaa kutazama kazi ambayo kwetu haipo: kutweka tanga.

Mashua ilikuwa na mlingoti mmoja ulioinama kidogo kuelekea omo, yaani mbele ya chombo. Foromali, mti mrefu unaobeba tanga, ilikuwa imelazwa kwa urefu wa chombo. Ukiisogelea unaona si mti mmoja bali miwili, imepishanishwa katikati na kukazwa kwa kamba. Mabaharia wawili walilikunja tanga juu yake, mkunjo kwa mkunjo, na kila baada ya hatua wakalifunga kwa chane ya ukindu. Mzee mmoja akapita nyuma yao, akijaribu kila fundo kwa kidole gumba. Lililobana sana alilifungua, akalifunga upya, safari hii kwa ulegevu.

Nahodha akashika kana, ule mti wa kuongozea usukani. "Henza!" akasema, mara moja tu. Henza ni kamba nene inayoinua foromali. Imeungwa na kapi liitwalo gofia, na kamba nyingine, jarari, hupita humo mara kadhaa, ili watu wachache waweze kupandisha uzito unaowashinda. Walivuta kwa wimbo: mmoja aanza, wenzake waitikia, na nguvu hutolewa kwenye kiitikio peke yake. Katikati ya viitikio walipumua.

Foromali ikapanda, tanga likiwa bado limefungwa. Goshi, pembe ya mbele, lilikwisha kutiwa mahali pake omo. Kamba ziitwazo hamrawi zikakazwa ili foromali isiyumbe. Ndipo mzee akashika demani, kamba ya pembe ya nyuma, akaivuta kuelekea tezi, nyuma ya chombo, kwa mvuto mmoja mzito. Chane za ukindu zikakatika moja baada ya nyingine kuanzia chini kwenda juu, na tanga likafunguka lote bila mtu kupanda mlingoti. Fundo moja lililobana lingetosha kulikwamisha huko juu, upepo ukiwa umeshaingia.

Ilikuwa majira ya kusi. Nje ya mlango wa mto ikabidi wapindue tanga upande wa pili, na hapo ndipo ubaharia hupimwa. Tanga la pembetatu halivukishwi hivi hivi mbele ya mlingoti. Nahodha aliupa upepo tezi taratibu. Demani ikaachiwa, tanga likapeperuka mbele ya chombo. Foromali ikasimamishwa wima, ncha yake ya chini ikapitishwa upande wa pili. Demani ikazungushwa mbele ya mlingoti na kurudishwa tezi, hamrawi zikahamishwa, goshi likafungwa upya. Mzee hakukimbia hata mara moja. Alikuwa anafika kwenye kila kamba kabla haijahitajika, akiikunja ile aliyoiacha isije ikamtega mwenzake mguu.

Kamba zile zote zilikuwa za nailoni, rangi moja, unene unaokaribiana. Kumwambia mtu "shika hiyo" kungekuwa bure mchana, seuze usiku. Kwa hiyo baharia chipukizi husomeshwa majina pamoja na mahali: hugusa henza, hutaja henza, hugusa demani, hutaja demani, mpaka mkono uwe unajua kabla ya jicho. Masomo hayo ndiyo yaliyomfanya nahodha asipaze sauti siku ile. Kila neno lilikuwa na mtu wake, na mtu huyo alikuwa ameshashika kamba kabla neno halijaisha.