Kosa la wimbo wa tatu

Ninyi mliokuwa ukumbini Butembo Jumapili ile mnajua ni wimbo gani ninaousema. Wa tatu. Mpiga gitaa alilaza lile gitaa lake la siku zote, ambalo uso wake umekwaruzwa na mediatori chini ya tundu, akafungua sanduku jipya. Watu wakanyamaza. Kwa miezi kadhaa tulikuwa tukisikia kwamba kundi linachanga pesa za gitaa kavu la pili, na hata waliosimama mlangoni walinyoosha shingo. Akalitoa. Nikaona kiuno kipana, mabega ya mraba, tumbo lenye kina. Kabla hajagusa uzi nikajua: amenunua lile lile.

Alikosea. Hakuna haja ya kuzungukazunguka. Gitaa jipya si baya, tena ni zuri, ila halikuwa la kununuliwa na mtu ambaye tayari analo ndugu yake pacha.

Turudi kwenye wimbo wenyewe, maana hapo ndipo kila kitu kilipoonekana. Alilivaa jipya, la zamani akampa kijana wa akompanyema. Wote wawili wakashika sol, kwenye kaze za kwanza za shingo, wote kwa mediatori, wote wakipiga kwenda chini kwa wakati mmoja. Sauti ikavimba. Kwa sekunde chache ilipendeza, na waliopiga makofi siwalaumu. Kisha dada akaanza kuimba. Tazameni alivyofanya: ubeti wa kwanza alisogea karibu na maikrofoni, wa pili akasogea zaidi, na kufikia kiitikio alikuwa anasukuma koo. Yule dada huimba kwa utulivu kuliko mtu yeyote kati ya Beni na Lubero. Siku ile alipiga kelele kwa sababu hakuachiwa nafasi.

Kwa nini hakuachiwa? Umbo lile linaitwa Dreadnought, jina la manowari ya Waingereza ya mwaka 1906. Kampuni ya Martin ya Marekani ililitengeneza kwanza mwaka 1916 kwa ajili ya duka la Ditson, kisha mwaka 1931 ikaanza kuliuza kwa jina lake yenyewe. Tumbo lake ni kubwa ili sauti nzito zitoke kwa nguvu. Hewa iliyomo ndani yake hutetema yenyewe karibu na hezi 100, jirani kabisa na uzi wa la ulio wazi, ambao ni hezi 110. Gitaa moja la namna hiyo chini ya mwimbaji ni msingi wa nyumba. Yakiwa mawili, uvimbe ule ule unarundikwa juu ya uvimbe, mahali pale pale. Na sikio lina tabia moja ambayo mafundi wa sauti wanaijua vizuri: sauti nzito huifunika nyembamba kwa urahisi, wala nyembamba haiwezi kulipiza. Dada hakuwa na pa kupita.

Kuna jambo jingine, na waliokaa safu za mbele bila shaka walilisikia bila kulipa jina. Gitaa moja lilikuwa limelala Butembo, jingine lilipanda kutoka Beni asubuhi ile. Ni kilomita zaidi ya 50 tu, lakini unatoka kwenye joto la ukingo wa msitu hadi kwenye baridi ya milima. Mbao zinajua, nyuzi zinajua. Uzi wa la wa moja ukiwa hezi 110 na wa jingine 111, unasikia pwito moja kila sekunde: uu-uu-uu, kama pikipiki iliyoegeshwa nje. Magitaa mawili yenye sauti tofauti yanaweza kusameheana hiyo hezi moja. Mapacha wanaopiga akodi moja mahali pamoja hawawezi.

Baada ya shoo nilimfuata uani. Nikamwambia, "Mdogo wangu, kwa nini hili?" Akanijibu kwa heshima, akiwa bado amelishika shingo: "Papa, ile sauti ya kwanza naipenda sana. Nikasema zikiwa mbili, nguvu itakuwa mara mbili."

Jibu hilo linastahili kuchukuliwa kwa uzito, kwa sababu ndilo jibu la nusu ya wapiga gitaa wa mji huu. Nalo si kweli. Vyanzo viwili vya sauti vinavyolingana vinaongeza desibeli 3 tu. Ili sikio liseme "mara mbili," unahitaji karibu desibeli 10, yaani magitaa kumi ya aina ile yakipigwa pamoja. Kundi limechanga pesa, limeagiza mzigo Kampala, umevuka mpaka wa Kasindi na ushuru wake wote, limepata desibeli 3. Na desibeli hizo 3 zimelipwa na koo la dada.

Mtu ataniambia: lakini uzi ukikatika katikati ya wimbo? Basi hilo ni gitaa la akiba. Gitaa la akiba na gitaa la pili ni vitu viwili. La akiba hukaa kwenye sanduku likiomba lisiitwe. La pili unalinunua kwa ajili ya pale ambapo la kwanza haliwezi kufika, kwa hiyo unapoingia dukani unatakiwa uwe umelisahau kabisa lile unalolipenda na kukumbuka tu kile unachokikosa. Yeye alikuwa na uzito, alikuwa na msukumo. Alichokosa ni sauti ya juu iliyo nyembamba, yenye kuruka, inayoweza kujibu mwimbaji bila kumkanyaga.

Wazee walilijua hili bila kupima hezi. Niliandika hapa zamani kuhusu mpiga gitaa Jean-Bosco Mwenda na sitachoka kuandika. Mrekodi wa muziki Hugh Tracey alimkuta Jadotville, Likasi ya leo, mwaka 1952, kijana wa miaka ishirini na kitu, akarekodi Masanga. Gitaa moja, kidole gumba na cha shahada, basi. Gumba linatembea chini, shahada inacheza juu, na katikati pana uwazi ambamo sauti yake ya kuimba inapita kama mtu anayepita mlangoni. Wanaoisikia mara ya kwanza huuliza wapigaji walikuwa wangapi. Mtu mmoja aliweza kuzipa sauti zake mbili nafasi mbili. Sisi tuna watu wawili na tunawabana kwenye nafasi moja.

Au mchukueni Docteur Nico na kaka yake Dechaud, tangu African Jazz ya Kabasele hadi African Fiesta. Magitaa yao yalikuwa ya umeme, najua, lakini kazi ni ile ile. Sikilizeni Dechaud anavyokaa chini na kati, mdundo ule ule, hatikisiki, huku Nico akiwa juu, mbali kabisa na mkono wa kaka yake. Ndugu wa tumbo moja, na hamsikii hata mara moja wakigombea noti. Hata kwetu hapa, kabla ya gitaa, endara ya Wanande na Wakonzo ilipigwa na watu kadhaa wamekaa kwenye marimba moja, kila mmoja na vibao vyake. Anayegusa vibao vya mwenzake anaharibu ngoma.

Kisha kuna lile ambalo linanifanya nishindwe kulala. Gitaa alilolitafuta lilikuwa tayari nyumbani kwake. Wanamuziki wa Léopoldville walikuwa na ufundi wa mi-kompoze, na jina linalotajwa sana ni la Zacharie Elenga, Jhimmy, aliyerekodi katika studio ya Opika mwanzoni mwa miaka ya 1950. Unatoa uzi wa nne, ule re mzito uliozungushiwa waya, unaweka mahali pake uzi mwembamba wa mi ya kwanza, unaukaza hadi re ya oktava ya juu. Uzi mmoja tu! Gitaa zima linabadilika rangi. Akodi zinafunguka, noti zinakaribiana juu kama kengele, na ule uzito wa kati unaondoka. Solo, mi-solo, mi-kompoze, rumba nzima ya magitaa matatu na manne ilijengwa kwa watu kukataa kufanana.

Na wazee hawakubahatisha walipochagua uzi wa nne. Re ya juu ni hezi 294, na mi ya kwanza kwa kawaida hukazwa hadi hezi 330. Maana yake uzi unalegea kidogo, hauna hatari. Jaribu kufanya hivyo kwa uzi wa tatu: sol ya oktava ya juu ni hezi 392, na uzi wa seti ya kawaida mara nyingi utakukatikia usoni. Wapiga gitaa wa Nashville, Marekani, nao wana ufundi wa jamaa hiyo. Wanapandisha nyuzi nne za chini, na kwa ile sol wanatafuta uzi mwembamba wa namba 9. Wetu walitumia uzi ambao kila duka linao.

Kama ilikuwa lazima kununua, njia zilikuwepo. Gitaa la kiuno kidogo, ndugu wa yale ya galatoni ambayo wazee wa Tanganyika walijifunzia. Lina sauti kavu, ya kati, haifurukuti chini. Au la nyuzi za nailoni, shingo pana ya milimita 52, sauti ya mviringo inayokaa vizuri kando ya nyuzi za chuma. La nyuzi kumi na mbili nisingemshauri: mvuto wake ni mkubwa, na katika unyevu wa Beni nimeona daraja likinyanyuka kutoka usoni mwa gitaa kama kucha. Vilevile asingelipa zaidi kwa ajili ya jeki na vile vitufe vya ubavuni. Miaka inapita nalisema hili: tundu lililotobolewa kwenye mbavu haliongezi sauti ya mbao.

Hata kwa mapacha wale, kapo moja ingeokoa jioni. Kijana abaki na sol yake chini. Mwenzake aweke kapo kwenye kaze ya tano, ashike umbo la re, aache mediatori, atumie vidole. Ni sol ile ile, ila imepanda, imekonda, imetoka njiani kwa dada. Kapo haikuwepo.

Mengine yalikwenda vizuri: ngoma ilikuwa safi, na waitikiaji walikuwa sawasawa.

Pale uani nilimpa uzi wa mi kutoka mfukoni mwangu, nikamwonyesha pa kuuweka. Aliuzungusha kidoleni, akaulaza ndani ya sanduku, chini ya kitambaa. "Nitajaribu, Papa," akasema, lakini mkono wake ulikuwa juu ya uzi mzito wa re, unausugua, kama anayesita kuaga. Mwezi ujao wanapiga Beni. Nitakaa upande wa gitaa jipya, karibu kiasi cha kuona uzi wa nne kama umezungushiwa waya.