Jino Jeusi Ndani ya Jiwe Jeusi

Barabara kuu ipitayo Ipogolo, bondeni chini ya mji wa Iringa, hugawanyika Makambako, na tawi la Njombe humfikisha msafiri kwenye makaa ya mawe ya Mchuchuma na Ngaka, ilhali lile la Mbeya humpeleka Kiwira. Makaa hayo ni ya kipindi cha Pemia, kilichoisha takriban miaka milioni 252 iliyopita, nayo ni mimea ya vinamasi iliyofukiwa kabla haijaoza. Msaka visukuku, yaani mtafutaji wa mabaki ya viumbe yaliyogeuka mawe, huyapita makaa na kuinamia mwamba mweusi ulioyafunika, ambao ni tope la kale lililogandamizwa likawa jiwe la kumenyeka kurasa kurasa.

Katika miamba ya aina hiyo, Ulaya na Marekani, wamepatikana papa wa maji baridi waitwao zenakantho. Kiunzi cha papa ni gegedu, kitu kilekile kinachoshikilia umbo la sikio la mtu, na kwa kuwa gegedu huoza mapema, kwa kawaida husalia meno na miiba tu. Jino la zenakantho lina ncha mbili zilizoachana kama panda ya manati, na kijincha kidogo katikati. Nalo, likiwa jeusi ndani ya jiwe jeusi, halionekani kwa kukodoa macho. Fundi hupasua kwa tindo nyembamba akifuata ulalo wa tabaka, hugeuza bamba hadi jua la alasiri lilimulike kwa ubavu, akasubiri mng'ao. Jiwe likiachana hutunza pande zote mbili, maana mmoja hubeba jino na wa pili chapa yake, na huandika papo hapo limetoka umbali gani juu ya makaa, kwani jino lisilojulikana lilikotoka ni pambo tu.

Kusini mwa Tanzania ufundi huohuo hufichua majani ya glosopterisi, yenye umbo la ulimi, yapatikanayo pia India na Antaktika, zilizokuwa nchi moja na Afrika. Nayo mifupa aliyoikusanya mtafiti F. R. Parrington katika bonde la Ruhuhu mwaka 1933, katika tabaka changa kuliko makaa, ilisubiri karibu miaka 80 kabla ya kutangazwa rasmi kwa jina la Nyasasaurus, mtambaazi wa kale wa ukoo wa dinosaria.

Wafanyao kazi machimboni na watazame vifusi kabla havijafukiwa, na wakiona jino au jani wasilichokonoe, bali watoe taarifa Idara ya Mambo ya Kale, kwa kuwa Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inataka kibali cha kuchimba.