Jina la Kipimo na Kitu Kilichopimwa: Uhakiki wa Kiswahili cha Kemia ya Vyakula

Makala haya yanahakiki namna Kiswahili kinavyotumiwa kutoa habari za kemia ya uchanganuzi, hasa inapohusu vyakula na mafuta ya mimea. Hatukusudii kufufua ule mjadala wa zamani wa kama lugha yetu inaweza kubeba sayansi. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990, na tangu hapo anayedai kwamba maneno hayapo hana budi kwanza kutueleza ameyatafuta wapi. Swali letu ni jingine. Neno likishapatikana na kukubaliwa, je, linasema kile ambacho chombo kimepima? Mara nyingi halisemi. Katika nchi ambayo chakula cha kila siku cha mamilioni ya watu ni muhogo, kosa la neno moja laweza kufika hata kwenye miguu ya mtoto, kama tutakavyoeleza.

Tuanze na neno ambalo wanafunzi wetu huliandika bila wasiwasi wowote: protini. Mwaka 1883 Johan Kjeldahl, mkemia wa maabara ya kiwanda cha bia cha Carlsberg mjini Copenhagen, alitangaza njia ya kupima nitrojeni. Haja yake ilikuwa ya mtengeneza bia, yaani kujua hali ya protini katika nafaka zake. Chakula huchemshwa ndani ya asidi kali ya salfuriki mpaka kiharibike kabisa na nitrojeni yake igeuke kuwa chumvi ya amonia. Kisha hutiwa alkali, amonia hutolewa kwa mvuke na kunaswa, na kiasi chake hupimwa kwa kudondosha tone baada ya tone mpaka kiashiria kibadilike rangi. Kufikia hapo hakuna aliyeiona protini. Kilichopimwa ni nitrojeni. Ndipo mpimaji huzidisha kwa 6.25, akichukulia kwamba protini ina nitrojeni ya asilimia 16, na jibu huandikwa chini ya kichwa cha "protini". Kwa ngano huzidishwa kwa 5.7 na kwa maziwa kwa 6.38, hapo wakemia wenyewe wanakiri kwamba ile 6.25 ni desturi zaidi kuliko ukweli.

Desturi hiyo ilidaiwa gharama yake mwaka 2008 nchini Uchina. Maziwa yaliyokuwa yameongezwa maji yalitiwa melamini, dutu ya viwandani ambayo theluthi mbili ya uzito wake ni nitrojeni. Kipimo kiliona nitrojeni, nacho kilisema kweli. Jedwali likaandika "protini", na hilo halikuwa kweli. Watoto wachanga sita walifariki, na takriban 300,000 waliugua, wengi wakiwa na mawe katika figo. Lawama za mkasa huo zilikwenda kwa wafanyabiashara, na zilistahili kwenda huko; lakini wasingepata mlango wa kupitia kama jina la kipimo lisingekuwa limeahidi zaidi ya kipimo chenyewe.

Sasa tutazame tafsiri yetu. Maabara zetu hufundisha kwa Kifaransa, na Kifaransa husema *protéines brutes*. *Brut* hapo lina maana ya kihesabu: jumla kabla ya kuondoa kisichohusika. Kiswahili kimejibu kwa "protini ghafi". Ni kweli kwamba wachumi wanalo "pato ghafi", na kwao neno limekaa vizuri. Lakini likiandikwa kando ya unga au maharagwe, msomaji husikia kile anachokijua katika "mali ghafi", yaani kitu ambacho hakijapikwa wala kusindikwa. Anadhani ni protini kamili, ila mbichi. Lile onyo lililokuwamo ndani ya neno la Kifaransa, kwamba hii ni jumla ya kukadiria, limepotea njiani. Sisi tungependelea "protini ya makadirio", au hata, kwa ukavu zaidi, "nitrojeni mara 6.25". Jina hili la mwisho halina uzuri, lakini haliwezi kumdanganya mtu.

Kasoro ya mafuta ni ya namna nyingine. Hapa Kiswahili kina neno lake la jikoni, tena zuri: kuchacha. Uji huchacha, mchuzi huchacha, na muuza mawese akinusa dumu lake atasema mafuta yamechacha. Mkemia, kwa upande wake, huona matukio mawili yasiyofanana. La kwanza huanza mapema: tunda la mchikichi likipondeka, kimeng'enya kiitwacho lipasi hukata mafuta, na asidi za mafuta hubaki huru. Hizi hupimwa kwa alkali, na kanuni za Codex zinaruhusu katika mawese yasiyosafishwa kiwandani mpaka miligramu 10 za alkali kwa kila gramu ya mafuta. La pili huletwa na hewa: oksijeni huyashika mafuta, peroksidi huundwa, nazo huvunjika na kuwa vitu vyepesi vyenye ile harufu inayomkunja mtu pua.

Sehemu kubwa ya asidi huru ya mawese ni asidi ya palmitiki, ambayo karibu haina harufu. Kwa hiyo mafuta yanaweza kuwa na asidi nyingi bila pua kulalamika. Na kinyume chake kipo: peroksidi hupanda, halafu hushuka zinapovunjika, hata mafuta yaliyozeeka yakaonyesha namba ndogo, ya kupendeza, huku hayaliki. Ndiyo maana wapimaji waangalifu hupima pia yale mabaki ya mvunjiko. Anayetafsiri vipimo hivi vyote kwa "kiwango cha kuchacha" amechukua neno la mpishi na kulibebesha mzigo ambao mpishi hakulitengenezea. Kosa si la neno. Tuliache neno libaki na kazi yake, ambayo ni hukumu ya pua na ulimi, nasi jedwalini tuandike "asidi huru" na "peroksidi" kila kimoja mahali pake.

Tuongeze jambo moja ambalo wanafunzi wa fasihi, waliozoea kuuliza ni nani anayesimulia, watalielewa upesi. Kipimo cha asidi huru kilipata umaarufu katika biashara kwa sababu asidi hiyo hupotea mafuta yanaposafishwa. Kwa mwenye kiwanda ni hasara inayohesabika. Namba hiyo, kwa hiyo, inajibu swali la mnunuzi wa kiwanda. Mlaji ana maswali yake, kwa mfano kama wekundu wa mawese ni wa karotini yake ya asili au umetiwa. Swali hilo si la mzaha: mwaka 2015 mamlaka ya chakula ya Ghana ilitangaza kuikuta rangi ya Sudani IV, ambayo hairuhusiwi katika chakula, ndani ya mawese ya masokoni. Kromatografia huitenganisha rangi hiyo na karotini bila taabu kubwa. Na mbinu hiyo, tukumbuke, ilizaliwa mwanzoni mwa karne ya 20 mikononi mwa Mikhail Tsvet, mtaalamu wa mimea aliyekuwa akitenganisha rangi za majani.

Tufike sasa kwenye muhogo, ambao ndio uliotusukuma kuandika.

Katika mafunzo ya afya hurudiwa sentensi moja: muhogo mchungu una sumu, muhogo mtamu hauna. Kisarufi haina kosa. Kikemia ni mbovu. Muhogo wote una linamarini, dutu inayobeba sianidi iliyofungwa. Tofauti ni ya kiasi, nayo huongezeka mvua inapokosekana. Uchungu hufuatana na linamarini mara nyingi, lakini si ulimi peke yake wa kuaminiwa, maana watafiti wa Australia walionyesha mwaka 1995 kwamba zipo dutu nyingine zinazochangia uchungu wa muhogo. Sentensi ile imegeuza ladha kuwa kipimo. Bibi zetu hawakufanya hivyo: walionja, kisha wakaloweka hata hivyo.

Na kuloweka ndiko kwenye kemia yote. Ndani ya mzizi, linamarini na kimeng'enya chake linamarasi hukaa mbalimbali. Mzizi ukilainika majini, au ukitwangwa mbichi, viwili hivyo hukutana. Linamarini hukatwa, na mwishoni hutoka haidrojeni sianidi, ambayo huchemka kwenye nyuzijoto 26 tu na hivyo huondoka na hewa. Mzizi uliokatwa vipande na kuanikwa bila kuloweka hukauka kabla mkutano huo haujakamilika. Unga wake utakuwa mweupe na mzuri wa macho, na linamarini bado imo.

Mwaka 1938 daktari Giovanni Trolli alieleza ugonjwa wa Kwango ambao Wayaka waliuita konzo, yaani miguu iliyofungwa. Mtu hulala mzima na kuamka miguu yote miwili imekakamaa. Hauendelei kuzidi, wala hauponi. Huwapata zaidi watoto na wanawake wa umri wa kuzaa. Nampula, Msumbiji, uliwakumba zaidi ya watu 1,000 wakati wa ukame wa 1981, na Tarime, Tanzania, ulionekana pia katika miaka ya 1980. Huambatana na sianidi nyingi katika muhogo usioandaliwa vizuri, pamoja na upungufu wa zile asidi za amino zenye salfa ambazo mwili huzitumia kuizimua. Utafiti uliochapishwa mwaka 1992 kuhusu Bandundu, jimbo la Zaire ya wakati ule, ulionyesha kwamba siku za kuloweka zilikuwa zimepunguzwa: barabara ya lami ilileta wanunuzi wa Kinshasa, na muhogo ukatolewa majini mapema ili uwahi soko.

Hapa ndipo neno "sianidi" linapokuwa la hatari. Kanuni ya Codex ya unga wa muhogo ni miligramu 10 kwa kilo, na hizo ni za sianidi yote, iliyofungwa pamoja na iliyo huru. Lakini mpimaji asipotia linamarasi katika sampuli yake, unga mkavu hautatoa sianidi yake iliyofungwa. Ataona kidogo, ataandika "sianidi: kidogo", na hatakuwa amesema uongo wowote isipokuwa kwa kulikata jina. Tumeona ripoti za wanafunzi zenye kasoro hiyo hiyo, na tulipouliza, jibu lilikuwa kwamba neno "jumla" lilionekana la ziada. Si la ziada. "Sianidi jumla" na "sianidi huru" ni vitu viwili. Tumboni ile iliyofungwa yaweza kufunguliwa.

Kwa bahati njema, kipimo cha kutumika mashambani kipo. Howard Bradbury na wenzake wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia walitengeneza karatasi ya pikrati: unga kidogo na maji huwekwa chupani pamoja na linamarasi, karatasi ya manjano huning'inizwa juu yake, na kesho yake rangi hulinganishwa na chati. Mtu huyo huyo alieneza njia ya kulowanisha: unga huchanganywa na maji, hutandazwa kwa unene mdogo, na kuachwa kivulini saa tano au juani saa mbili ndipo usongwe bukari. Mwaka 2010 njia hiyo ilipelekwa Kay Kalenge, katika ukanda wa afya wa Popokabaka, na katika muda wa mradi hakupatikana mgonjwa mpya wa konzo.

Tumesisitiza "kulowanisha" kwa makusudi. Tukiandika "kuloweka", kama mfasiri mwenye haraka angefanya, mama atauzamisha unga majini na kuupoteza, au atadhani anafundishwa alichokijua tangu utotoni. Kulowanisha kunahusu unga, na kunakuja baada ya kuloweka mizizi, hakukuondoi. Kiswahili kinazo njia zote mbili za kusema. Kinachotakiwa ni mfasiri aliyewahi kusimama jikoni.

Imebaki ile chati ya rangi. Karatasi huanza na manjano na kuishia kahawia, na kati yake zipo rangi ambazo kwazo Kiswahili cha vitabuni kina "hudhurungi", neno ambalo wengi wa wanafunzi wetu wa Lubumbashi hawalijui, sembuse mkulima wa Kwango ambaye Kiswahili si lugha yake. Tungependekeza anayeiandaa chati hiyo kwa wasomaji wa Kiswahili aitaje kila rangi kwa kitu kinachoonekana: chai nyepesi, chai nzito, tofali lililochomwa, na kwamba kabla ya kuichapisha awape karatasi zenyewe wanawake kumi wanaosaga unga, awaulize wao wangeziitaje.